Unapeleka vitunguu Komoro? Soma hapa kwanza

NGAZIJA si mbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Moroni ni karibu kilomita 700, na kutoka Mtwara ni kama nusu ya hapo tu. Ndege hutumia muda mfupi kuliko basi linalotoka Dar kwenda Morogoro siku ya foleni. Saa zao ni sawa na zetu, dini ya karibu wote ni Uislamu wa madhehebu ya Shafii kama Pwani yetu, na lugha yao ukitulia kuisikiliza utaokota neno moja kati ya matatu.

Ukaribu huo ndio uliotuponza mimi na shemeji yangu Julai 2017. Tulijiona tunakwenda kwa ndugu, kwa hiyo hatukuuliza kitu. Tulipakia magunia 80 ya vitunguu, na kati ya hayo 23 yaliishia kutupwa. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamekuwa wakiuliza kuhusu soko la Komoro, hivyo nimeona ni vema nieleze safari ilivyo tangu mwanzo, pamoja na yale ambayo laiti tungeyajua tusingepata hasara ile.

Kwanza nchi yenyewe. Muungano wa Visiwa vya Komoro una visiwa vitatu: Ngazija ambako uko mji mkuu wa Moroni, Anjuani ambayo wenyewe huiita Nzwani, na Mwali kilicho kidogo kuliko vyote. Visiwa hivyo vilipata uhuru kutoka Ufaransa Julai 6, 1975. Cha nne, Mayotte, kilibaki mikononi mwa Wafaransa na mwaka 2011 kikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Vile vitatu vyote kwa pamoja vina kilomita za mraba 1,861, yaani ukubwa unaozidi Unguja kidogo tu, na watu wake hawafiki milioni moja. Takwimu hizo mfanyabiashara azikariri. Soko ni dogo, tena limegawanyika sehemu tatu zilizotenganishwa na bahari.

Kufika na kuingia

Kwa ndege utatua uwanja wa Hahaya, kaskazini mwa Moroni, umbali wa kama kilomita 20 kutoka mjini. Kwa miaka mingi wageni wamekuwa wakipewa viza hapo hapo uwanjani baada ya kulipa, na fedha inayopendwa dirishani ni euro. Hata hivyo, usiondoke kwa kutegemea maneno ya mtaani wala haya ninayoyaandika mimi, kwani masharti ya viza hubadilika. Ubalozi wa Komoro upo Dar es Salaam. Pita uulize kiwango cha wiki hiyo. Pasipoti iwe na uhai wa zaidi ya miezi sita, tiketi ya kurudi iwe mkononi, na jina la mwenyeji wako pamoja na namba yake ya simu viwe vimeandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa utaulizwa unafikia wapi. Kadi ya njano ya chanjo usiiache nyumbani.

Kwa bahari hali ni nyingine. Majahazi na meli ndogo za mizigo hutoka kwetu kwenda Moroni na Mutsamudu, na wapo wanaopanda humo ili kuokoa nauli na kulinda mzigo wao. Ushauri wangu ni kuutuma mzigo kwa bahari, wewe ukatangulia kwa ndege. Ukifika mapema utaijua bei ya soko kabla mzigo haujashuka, utakuwa umeonana na wakala wa forodha, na hutafika ukiwa hoi kwa kutapika siku mbili. Mwezi Agosti 2011 chombo kilichokuwa kikitoka Ngazija kwenda Anjuani kilizama na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Ukilazimika kuvuka kati ya kisiwa na kisiwa kwa boti, kwa mfano kutoka Chindini kusini mwa Ngazija kwenda Mwali, vaa jaketi la kujiokolea tangu ufukweni na usipande chombo kilichojazwa kupita kiasi hata kama mwenzako amepanda.

Jambo jingine linawahusu zaidi vijana. Ukiwa Anjuani huenda ukafuatwa na mtu akakuambia kuwa Mayotte ni pale tu, kilomita 70, kwenye euro na kazi. Vyombo vinavyokwenda huko kwa siri huitwa kwasakwasa. Tangu Ufaransa ilipoweka viza kwa Wakomoro mwaka 1995, watu wengi sana wamefia kwenye mlango huo wa bahari. Mtaji wa vitunguu ukipotea unaweza kurudi.

Fedha

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Nilibeba dola. Fedha ya Komoro ni faranga, nayo imefungwa kwenye euro kwa kiwango kisichobadilika: euro moja ni faranga 492 kasoro kidogo, na imekuwa hivyo tangu mwaka 1999. Mwenye euro anajua anapata nini leo na mwezi ujao, tena hata muuza duka atazipokea. Mwenye dola anakwenda benki, anapanga foleni na kukubali bei anayopewa. Niligeuza shilingi kuwa dola Dar es Salaam, kisha dola kuwa faranga Moroni, na mara zote mbili nikakatwa. Kama ningenunua euro Dar ningekatwa mara moja tu.

Noti ni za 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000. Beba fedha taslimu ya kutosha, kwani kadi hupokelewa sehemu chache, na M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) uliyozoea haikusaidii kitu ng'ambo ile. Jambo la kufurahisha ni kwamba Exim Bank, ambayo mama yake ni benki ya hapa Tanzania, imefungua milango Komoro tangu mwaka 2007. Kwa mwenye biashara ya kudumu, kupitisha malipo benki ni salama kuliko kutembea na bahasha kiunoni. Tungefanya hivyo tangu mwanzo, malipo yetu ya mwisho yasingechukua miezi mitatu kufika.

Kilichotokea kwenye vitunguu

Vitunguu vyetu vilikuwa vyekundu vya Mang'ola, vizuri kwa macho. Dalali alitwambia vimekauka. Ukweli ni kwamba shingo zilikuwa bado mbichi, nasi kwa haraka ya kuwahi meli hatukufungua hata gunia moja la katikati. Tena tulipakia kwenye magunia mazito badala ya mifuko ya wavu.

Meli ilikaa Dar es Salaam siku nne ikisubiri mizigo mingine ijaze nafasi. Ikasafiri siku mbili na nusu. Ilipofika Moroni ikatia nanga nje na kukaa siku tano. Sababu ya kukaa nje ni hii: bandari ya Moroni ni ya kina kifupi, kwa hiyo meli kubwa haziwezi kufunga gatini. Mizigo hushushwa kwenye matishari, na matishari ndiyo huileta ukutani. Bahari ikichafuka kazi inasimama. Meli zikiwa mbili au tatu, kila moja inasubiri zamu yake. Bandari yenye kina nchini humo ni Mutsamudu, kule Anjuani. Hilo ni jambo ambalo kila baharia wa Komoro analijua, nasi hatukumwuliza hata mmoja.

Siku hizo zote vitunguu vilikuwa chini ya turubai, vikitoa jasho. Nilikuwa nasimama pale gatini Kalaweni kila asubuhi nikiiona meli kwa macho yangu, na mzigo wangu nisiweze kuugusa. Siku ya tano harufu ilifika kabla ya tishari.

Magunia 57 yaliyosalimika nayo hayakupata bei tuliyoitarajia. Chombo kingine kilikuwa kimeshusha viazi na vitunguu siku mbili kabla yetu, na soko la Volo Volo lilikuwa limejaa. Hivi ndivyo soko dogo lilivyo. Kariakoo inameza malori kumi ya vitunguu na bei isitikisike. Moroni, meli moja ndogo inaishusha bei, na wiki tatu bila meli zinaipandisha mpaka mama wa nyumbani ananunua kitunguu kimoja kimoja. Anayepata faida ni yule mwenye mtu Volo Volo anayempigia simu kumwambia leo kuna nini sokoni na meli gani iko njiani.

Kwa hiyo, kwa mkulima wa Mang'ola au Ruaha Mbuyuni anayetaka kuuza huko: kausha vitunguu mpaka shingo ijifunge na ganda la nje litoe mlio ukilishika. Chambua, ondoa pacha na vilivyokatwa na jembe. Tumia mifuko ya wavu. Mwombe nahodha mzigo ukae mahali penye hewa, na uwepo mwenyewe unapopakiwa. Usilipe nauli yote mpaka ujue meli inang'oa nanga siku gani. Viazi mviringo vya Njombe na Mbeya vinavumilia zaidi, mradi visipigwe na jua. Nyanya sishauri kwa njia ya meli, labda awe mtu mwenye moyo mgumu kuliko wangu.

Karatasi nazo ziandaliwe mapema. Mazao yanahitaji cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Cheti cha uasilia wa bidhaa kinapatikana TCCIA. Komoro ni mwanachama wa SADC tangu mwaka 2018, lakini usidhani kwamba kwa sababu hiyo hutatozwa ushuru. Mwulize wakala wa Moroni akupe hesabu yote kwa maandishi kabla hujapakia. Ofisi za huko zinaendeshwa kwa Kifaransa, hivyo ankara na orodha ya mizigo vikiwa kwa Kiingereza peke yake utatafutiwa mtafsiri, na mtafsiri wa dharura ana bei yake. Mchele wa kawaida usiupange kabisa bila kuuliza, maana kwa miaka mingi uagizaji wake umekuwa kazi ya shirika la serikali, ONICOR.

Ng'ombe na mbuzi

Wafugaji wanalitamani sana soko hili, na sababu ipo. Ngazija wana desturi ya harusi kubwa, ambayo mwanamume asipoifanya haheshimiwi kwenye baraza la mji wake hata akiwa na mvi. Harusi hizo hufanyika zaidi Julai na Agosti, wakati Wakomoro wanaoishi Ufaransa, hasa Marseille, wanaporudi nyumbani na akiba ya miaka mingi. Mji mzima hulishwa. Hapo ng'ombe, mbuzi, vitenge na dhahabu vyote vinatafutwa.

Lakini msomaji mfugaji elewa kwamba kuna kidonda. Mwaka 2003 na 2004 ndigana kali iliingia Ngazija na kuua ng'ombe wengi, na watafiti walioichunguza waliihusisha na ng'ombe walioingizwa kutoka Tanzania. Ng'ombe aliyepona ndigana au aliyechanjwa anaweza kuonekana mzima kabisa huku akibeba vimelea, na kupe wakimnyonya wanavipeleka kwa ng'ombe wa kisiwani ambao hawajawahi kuujua ugonjwa huo. Mwaka 2007 ikafuata homa ya bonde la ufa, mwaka ambao ilikuwa imetoka kutusumbua na sisi. Mwaka 2012 ikawa zamu ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Fikiria mtu mwenye ng'ombe wawili tu, waliofungwa kwa kamba shambani, anaamka na kuwakuta wote wamekufa kwa ugonjwa uliovuka bahari. Ukikutana na daktari wa mifugo wa Kikomoro mkali, usimnunie.

Kwa hiyo mifugo haipelekwi kwa kujuana. Kibali cha kusafirisha nje na cheti cha afya vinatoka wizara yenye dhamana ya mifugo, na upande wa pili lazima mwagizaji awe na kibali chake kabla meli haijatoka. Ng'ombe waogeshwe dhidi ya kupe, na muda wa karantini uheshimiwe. Kuna nyakati Komoro hufunga mlango kabisa, na mwenye ng'ombe 30 baharini siku hiyo hana pa kuwarudisha.

Kuishi siku zako huko

Majira yao ni kama ya pwani yetu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Aprili, ni joto na mvua, na ndiyo miezi ya vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita kaskazini ya Ngazija Aprili 2019 kabla ya kuipiga Msumbiji, na Chido kilipita Desemba 2024 na kuisambaratisha Mayotte. Safari ya biashara ipange kati ya Mei na Oktoba, ingawa kusi nayo ikivuma bahari si ya mchezo.

Maji ni suala la kuangalia. Ngazija haina mto unaotiririka mwaka mzima, kwa sababu mvua yote huzama kwenye mawe ya volkano. Watu wengi hutumia maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye visima vya kujengwa. Mlima Karthala wenye mita 2,361 ulipolipuka mwaka 2005, majivu yalianguka kwenye visima hivyo na watu wakahangaika. Kunywa ya chupa au yaliyochemshwa. Mapema 2024 ugonjwa wa kipindupindu ulitangazwa huko baada ya chombo kilichotoka Tanzania kufika na wagonjwa, na ukaenea visiwa vyote vitatu na kuua watu zaidi ya 100. Mwenye kuharisha asipande chombo, hata kama nauli imeshalipwa. Malaria pia ipo, hivyo lala kwenye chandarua.

Magari hupita kulia. Mara mbili nilikoswa kugongwa kwa kuangalia upande usio wake. Plagi za umeme ni za Kifaransa zenye vijiti viwili vya mviringo, kwa hiyo chaja yako ya pini tatu haitaingia. Nunua adapta Kariakoo. Umeme wenyewe hukatika, kwa hiyo chaji simu kila unapoupata. Laini ya simu ya huko ni rahisi kupata. Teksi ni za kuchangia, unasema unakokwenda na dereva akikubali unaingia. Ijumaa ofisi hufungwa mapema, na mwezi wa Ramadhani usitarajie kazi ya maana baada ya adhuhuri. Pombe usiibebe. Kinamama wakiwa na mtandio, na wanaume wakiwa na suruali ndefu, hawatapata shida yoyote.

Kuhusu lugha, Kiswahili kitakufikisha mbali, hasa kwa wale waliosoma au kutibiwa kwetu, lakini sokoni kuna mitego. Ukisikia “marahaba” usidhani umeamkiwa na mtoto. Kwao ndilo neno la kushukuru. Hesabu nazo nyingine mnaachana: tatu yao ni ndraru, tano ni ntsanu, saba ni mfukare, kumi ni kume. Bei kubwa hutajwa kwa Kifaransa. Beba kalamu, kila bei iandikwe.

Watanzania tunapokewa vizuri. Wazee wa Anjuani bado wanawakumbuka askari wetu walioshiriki operesheni ya Umoja wa Afrika ya Machi 2008 iliyomwondoa Kanali Mohamed Bacar. Ila upole wa mwenyeji usikufanye uache mzigo kwa mali kauli bila karatasi. Andikishaneni mbele ya shahidi, kiasi na tarehe ya malipo. Sisi tulikubaliana kwa mdomo, na ile miezi mitatu niliyoitaja ilitokana na hapo.

Kurudi na nini

Kosa la wengi ni kurudi mikono mitupu. Komoro ni nchi ya vanila, karafuu na langilangi, na mafuta yake ya langilangi, yanayotumiwa na watengenezaji wa manukato wa Ufaransa, yanaongoza duniani kwa wingi. Mafuta hayo hununuliwa kwa daraja. Yanayotoka saa za mwanzo za kuyakamua kwa mvuke ndiyo ghali, ya mwisho ni ya sabuni. Asiyekuwa na kipimo huuziwa ya mwisho kwa bei ya mwanzo. Vanila iliyokwisha kuandaliwa iwe nyeusi, laini, inayopindika bila kuvunjika, na isiwe na ukungu. Wakulima wa Kagera hawahitaji kufundishwa jinsi bei ya vanila inavyoweza kumpandisha mtu mwaka 2003 na kumwangusha kabla hajamaliza kupaua nyumba. Nunua kidogo, uliza karatasi za kutolea nje, na miche usibebe hata mmoja, wa kwenda wala wa kurudi.

Faranga zilizobaki zibadili kabla hujaingia ndani ya uwanja wa Hahaya. Mimi nilirudi na noti moja ya 5,000. Nilizunguka nayo maduka manne ya fedha Dar es Salaam na kote walinirudishia. Safari iliyofuata, Septemba 2018, ndiyo iliyolipa teksi ya kwenda Moroni. Safari hiyo tulikuwa na mifuko ya wavu 50, nasi tukapoteza miwili.